Ordinatere iliyokuwa inajizima: tulitafuta mwizi, tukakuta vumbi

Ilikuwa siku ya pili ya juma, mwezi wa 9, saa 14 imepita kidogo. Tulibakia na siku mbili tu mbele ya kuonana na muajiri kwa inspektere wa kazi. Ndani ya biro ya sindika yetu, hapa Kolwezi, dada wetu wa sekretariati alikuwa anapiga liste ya wafanyakazi wenye kudai masaa yao ya ziada. Alikuwa amefika ku jina la 312. Mara moja ordinatere ikanyamaza. Haikutoa onyo, haikuuliza kama tunataka kuchunga kazi. Ekra nyeusi, vantilatere kimya, na sisi tukabaki kuangaliana sawa watu waliopata habari ya kifo.

Ilikuwa mara ya tano kwa siku mbili.

Kwa mtu wa inje hii ni kitu kidogo: mashini imezimika, unaiwasha tena. Lakini ile liste ilikuwa kazi ya miezi mitatu. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema masaa 45 kwa juma. Yanayopita pale ni masaa ya ziada, yanalipwa na nyongeza. Watu wetu wanatumika ku kampuni moja inayokamata kazi chini ya kampuni kubwa, na kila mmoja alituletea fishi zake za mshahara, zingine zimelowana na jasho, zingine zimekunjwa mara munane ndani ya mfuko wa suruali. Kujumlisha yale masaa, jina kwa jina, mwezi kwa mwezi, haiko kazi ya kuanza tena kwa usiku mbili.

Ile magaribi komite ilikutana. Nitasema ukweli hata kama unanipatisha haya. Hakuna aliyeuliza mashini iko na nini. Tuliuliza ni nani. Mwenzetu mmoja akasema: «Hii haiko bule. Muajiri anajua kama tunaenda kwa inspektere. Kuko muntu mu hii biro banamulipa.» Na macho ya wote ikaenda kwa dada wa sekretariati, sababu yeye njo anakaa mbele ya ile mashini kutoka asubuhi, tena ndugu ya bwana yake anatumika ku maofisi ya ile kampuni. Mwingine akasema tumuondolee funguo kwanza. Dada hakulia. Alisema paka hivi: «Ba papa, mulete muntu wa mashini aangalie. Akisema ni mimi, mutanifukuza.» Prezida akafunga mkutano bila kujibu. Mi pia nilinyamaza, na nikaenda kulala na ule unyamavu.

Tena mi njo niliyepaswa kusema. Nimefanya miaka 17 ku konkasere. Kule, tapi ya mawe ikisimama yenyewe, hakuna mtu anayetafuta mchawi. Elektrisie anakuja, anaangalia: mota imepata moto kupita kipimo, jiwe limekwama, ao kabule imegusa chuma. Kulikuwa wajinga waliokuwa wanafunga dijonktere na waya ili isianguke tena. Mota iliungua, na kidogo tu mtu aungue naye. Kwa mashini, mara mingi kujizima ni kujilinda. Ninawafundisha madelege namna ya kufanya enkete ya aksida, ninawaambia kila mara: kwanza kitu, kiisha mtu. Lakini mbele ya ile ordinatere nilisahau masomo yangu yote.

Asubuhi tulienda kuita kijana mmoja anayetengeneza matelefone na maordinatere karibu na soko. Alikuja na turnevisi mbili, brosi ya rangi na pompi ndogo ya kupuliza hewa. Tulifikiri ataanza kufungua. Hapana. Alivuta kiti, akakaa, akaanza kuuliza.

«Papa, inazimika namna gani? Inafunga pole pole sawa vile muntu amefinya kuzima? Ao inaonyesha ekra ya bulu na maandiko? Ao inakata mara moja, sawa unatosha prizi?»

Mara moja, tukamwambia.

«Wakati inakata, ampule ya biro inaendelea kuwaka?»

Sisi wanaume tuliangaliana. Hakuna aliyejua. Dada akajibu: «Inaendelea. Lakini mara ingine inapunguka mwangaza kwanza.»

«Na ukiiwasha tena, inakubali?»

«Asubuhi inakubali. Muchana inakubali, kiisha dakika tatu inaenda tena, mpaka tuiache ipumuzike.»

Kijana akacheka kidogo. «Huyu mama anajua hii mashini kupita ninyi bote.»

Nimeelewa kiisha juu ya nini aliuliza vile. Ordinatere ikijifunga pole pole, na programu zinafungwa moja moja, basi ni programu yenyewe imeamua: imepata maji ya saa mpya, yaani mise à jour, ao imepangwa kulala, ao kweli kuko mtu amefinya. Ikionyesha ekra ya bulu, unatafuta upande wa memuari, wa diski, ao wa programu ndogo inayoongoza kipande fulani. Lakini ikikata sawa umetosha prizi, mara mingi ni umeme ao ni joto. Na ile ya dada, kwamba inakufa upesi zaidi wakati ingali na moto, ile ilielekeza kidole ku joto. Ya ampule inayopunguka ilielekeza fasi ingine. Mashini ilikuwa na magonjwa mawili kwa mara moja, njo maana ilitupoteza akili.

Lakini mbele ya kuponya, alituambia tuache kabisa kuiwasha. Hapa ninaomba wasomaji wasikilize vizuri, sababu sisi siku mbili zote tulikuwa tunafinya buto tu, finya tena, finya tena. Kila mara umeme unakatika wakati diski inaandika, fishie inaweza kuharibika, hata ile ambayo ilikuwa mzima. Na juma lililopita mtu mmoja alikuwa ametushauri «kuformate», eti ni virusi. Tungemsikia, tungefuta kazi ya miezi mitatu kwa mikono yetu sisi wenyewe, na mashini ingeendelea kuzimika sawa mbele, sababu kuformate haiondoe vumbi wala haiongeze umeme.

Kijana akatosha diski, akaenda nayo kwake, akaifunga ku mashini yake mwenyewe, akakopi kila kitu juu ya kle USB mbili. Liste ilikuwa mzima mpaka jina la 268, pale dada alipochunga mara ya mwisho. Yaliyobakia tuliandika na mkono ule usiku, watu wanne kuzunguka meza, na delege mmoja mzee aliyekuwa anachunga kopi za fishi ndani ya mfuko wa mchele alitusaidia sana. Siku ya ine tulienda kwa inspektere na kurasa zilizopigwa na kurasa za bike. Upande wa muajiri walilalamika juu ya ile karatasi ya mkono. Inspektere aliangalia fishi, akaandika ndani ya PV kwamba liste inapokelewa na tutaileta kamili kwa juma moja. Nilivuta pumzi.

Sasa turudie ku mashini yenyewe. Juma lililofuata kijana aliifungulia inje, chini ya muembe. Alikuwa ametosha prizi kwanza, kiisha akafinya buto ya kuwasha mara moja bila umeme ili ile iliyobakia ndani itoke, akagusa chuma ya kaseti ili umeme wa mwili wake usipige vipande. Halafu akaondoa ubao wa kando. Wandugu, hatukuona mashini. Tuliona udongo. Ninyi munajua vumbi yetu: kutoka mwezi wa 5 mvua haiko, malori ya migodi inapita usiku na mchana kuelekea Likasi na Kasumbalesa, na ile vumbi nyekundu inaingia hata ndani ya bukari. Ordinatere inavuta hewa mchana kutwa, basi inavuta na vumbi.

Juu ya prosesere, kile kipande kinachofanya hesabu yote, kuko chuma yenye meno ya kuondoa joto, na juu yake vantilatere. Katikati ya meno vumbi ilikuwa imeshikana sawa blanketi. Hewa haikuwa inapita tena. Prosesere ikifika joto kubwa sana, karibu digrii 100 ao kupita kufuatana na aina yake, inakata umeme yenyewe ili isiungue. Ni dijonktere ileile ya konkasere yangu. Mwezi wa 6 na wa 7, wakati wa baridi, ilikuwa inavumilia. Mwezi wa 9 joto ilipopanda, haikuweza tena. Na sisi tulikuwa tunasema muajiri.

Akasafisha na brosi na pompi, akishika vantilatere na kidole ili isizunguke ovyo wakati wa kupuliza. Hakutumia kitambaa chenye maji, na alikataa aspiratere ya nyumba ambayo prezida alitaka kwenda kutafuta, sababu inaweza kuleta ule umeme mdogo unaoua vipande. Kiisha akaondoa ile chuma. Chini yake kulikuwa pati, ile ya kupitisha joto kutoka prosesere mpaka ku chuma, lakini imekauka sawa chokaa. Akaifuta, akatia mpya, kiasi cha punje ya mchele tu. Nilisikia kuko mafundi wanaotia dawa ya meno. Inakauka kwa siku kidogo, na mteja anarudi. Labda njo wanachotaka.

Mbele ya kusafisha, programu yake ndogo ya kupima ilionyesha joto ikipanda kupita digrii 95, halafu giza. Kiisha kusafisha haikupita 60, hata mchana. Tulipiga makofi. Tulipiga mapema.

Siku mbili mbele, saa 10 za asubuhi, biro ingali na baridi, mashini ikakata tena.

Hapo njo kijana alituachia kazi ambayo mimi ninaona ina faida kupita turnevisi yote. Alinunua kaye ya mtoto wa shule, akaichora mistari, akampa dada. Kila mara inazimika, andika: siku, saa, kazi gani ilikuwa inafanyika, ampule ilifanya nini, tena kitu gani ingine ilikuwa inatumika ndani ya biro ao kwa majirani. Kwa juma moja na nusu iliandikwa mara saba. Mi nilisoma ile kaye jioni moja na nikaona bila kuelezwa: mara sita kwa saba, dada aliandika «sudere anatumika».

Nyuma ya ukuta wetu kuko kijana anayetengeneza milango na madirisha ya chuma. Yeye na sisi tunakunywa umeme ku kabule moja. Akigusa chuma na fimbo yake, voltaje inaanguka. Fundi alileta multimetre, akaingiza ndani ya prizi: pale inapaswa kusoma volti 220, ilikuwa inasoma 205 wakati sudere ametulia, na akianza kazi inashuka mpaka 170 na kurudi. Ampule inavumilia, inapunguka tu mwangaza. Ordinatere haivumilie: alimentasio, ile boksi ya nyuma inayogeuza umeme wa ukuta, ikikosa nguvu kwa nafasi fupi sana inaachilia yote.

Nitasema kitu kimoja pembeni. Laini kubwa ya umeme kutoka Inga inatembea kilomita karibu 1,700 mpaka hapa Kolwezi, inapita juu ya vijiji vingi visivyokuwa na hata ampule moja, ili migodi itumike. Na sisi watoto wa migodi, ndani ya kartie, tunagombania volti na sudere. Hatukumkasirikia. Yeye pia anatafuta chakula ya watoto.

Tena alimentasio yetu ilikuwa imezeeka. Kijana alituonyesha kupitia matundu yake: kondansatere mbili zimevimba kichwa, moja inatoka maji ya rangi ya kahawa. Hakuifungua. Alisema, na ninarudilia kwa wale wanaopenda kujaribu: ile boksi inachunga umeme ndani hata kiisha kutosha prizi, inaweza kukupiga vibaya. Haitengenezwe nyumbani, inabadilishwa. Aliweka mwanzo ingine ya kujaribu, siku tatu, ili kuona mbele ya kutuuzia. Ile pia ilinipendeza. Fundi anayebadilisha kipande bila kujaribu anakuuzisha mawazo yake.

«Lakini tuko na ondulere,» prezida akasema. Kweli tulikuwa nayo, chini ya meza, taa ya kijani inawaka vizuri. Kijana akafunga ampule moja ndani yake na akatosha prizi yake ku ukuta. Ampule ikazimika palepale. Betri ilikuwa imekufa, nani anajua tangu lini. Zile betri ndogo za volti 12 mara mingi zinaishi miaka mitatu mpaka mitano, na joto inazipunguzia. Tena sisi tulikuwa tumefunga emprimante ya lazeri ku ondulere ileile. Emprimante ya lazeri ikianza kupata moto inavuta umeme mingi kwa mara moja. Hata ondulere mzima inaweza kushindwa. Tuliihamisha ku prizi ya ukuta. Tulinunua betri mpya na stabilizatere moja, na tulipatana na sudere kwamba kazi nzito ataifanya kiisha saa 15. Alikubali bila shida, alishangaa tu kama hatukumuambia mbele.

Kuko fasi moja ndani ya Windows ambayo dada alijifunza kuangalia: «Observateur d'événements». Unaandika lile jina fasi ya kutafuta, unaingia ku «Journaux Windows», kiisha «Système». Pale kulikuwa mistari nyekundu yenye namba 41, na ingine yenye namba 6008. Mimi nilifikiri tumepata mwizi kwa jina lake. Hapana, zile namba zinasema tu kwamba mashini ilikatika bila kufungwa vizuri. Hazisemi juu ya nini. Lakini ile ya 6008 inatoa saa ambayo mashini ilikatika, na ile saa tulilinganisha na kaye. Zililingana zote. Dada hakukosea hata mara moja.

Ku fishie yenyewe tulibadilisha namna ya kutumika. Excel inachunga kopi ya haraka kila dakika 10 kama hujagusa kitu. Tulipunguza mpaka 2, na dada anafinya Ctrl na S kiisha kila jina tano, vidole vyake vinafanya bila kufikiri. Jioni, kopi juu ya kle mbili: moja inalala ku biro, ingine kwa prezida. Tulikatazana kuacha liste ku sibere za mjini, sababu pale ndani kuko majina, mishahara, na kwa wengine magonjwa ya kifua. Muajiri hahitaji kulipa mtu kama sisi wenyewe tunasahau fishie ku mashini ya watu wote.

Liste ilifika kwa inspektere ndani ya lile juma alilotupa, majina yote, imepigwa ku mashini iliyoazimwa. Mambo ya masaa ya ziada ingali inaendelea, sitasema mingi hapa.

Lakini kulibakia kitu. Ku mkutano wa wanamemba, mwisho wa mwezi wa 10, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha ile asubuhi. Prezida alitaka kupita haraka juu ya habari ya mashini: imetengenezwa, imegharimu hivi, tusonge mbele. Nilinyoosha mkono. Nilisema kwamba ndani ya komite tulimtia dada yetu hatia bila enkete, na mimi niliyejua kufanya enkete nilinyamaza. Yule mwenzetu aliyeongea kwanza akasimama naye, akasema: «Mama, nilikukosea. Unisamehe mbele ya ba kamarade.» Dada alikaa kimya kwa nafasi ndefu. Kiisha akasema: «Nimesikia, papa. Sasa munilipie kaye ingine, hii imejaa.»

Imejaa kweli, sababu anaandika kila kitu: siku ya salongo ya ordinatere, jumamosi ya kwanza ya kila mwezi wakati wa vumbi, siku betri ilibadilishwa, nani alikamata kle na saa ngapi aliirudisha. Juma hili niliifungua. Mstari wa mwisho: «Siku ya tano, saa 15 na dakika 10. Imezimika. Ampule pia. Kwa sudere pia. Kartie yote.» Ondulere ilimpa dakika munane. Alichunga kazi, akafunga mashini vizuri, akatosha prizi, akaenda soko.